Saa Aliyoiunda Gaspari

Saa ya kwanza niliyoifungua nikiwa mwajiriwa, niliiua. Ilikuwa ya mwalimu mmoja wa Old Moshi, nzima kabisa, imeletwa ibadilishwe kioo tu. Mzee Kanji aliniambia nitoe kioo na nisiguse kingine. Niligusa kingine. Mchana ule ule alinikalisha mbele ya sinia la mchele uliochanganywa na skrubu ndogo za saa, akanipa kibano, akasema, "Eli, mpaka utakapozitoa zote bila kuangusha punje moja, wewe si fundi. Wewe ni mteja uliyekaa upande usio wako." Nilikaa na sinia lile wiki mbili. Mchele wenyewe tuliupika baadaye, na mke wake alipata skrubu moja.

Nimestaafu mwaka huu. Neema na wenzake wawili pale dukani wameniomba niandike ninayoyajua ya kazi hii kabla sijayasahau, maana huku kijijini Mamba nina ng'ombe wawili na migomba, na vitu hivyo havina subira na kumbukumbu za mtu. Vijana walitarajia, nadhani, nieleze namna ya kusafisha springi. Nitaeleza. Lakini kuna swali ambalo Neema amewahi kuniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilijifanya natafuta bisibisi: kwa nini mimi na Gaspari, ambao meza zetu ziligusana miaka yote ile, hatukuwa tunapeana kazi tukaguliane kama mafundi wengine. Nitalijibu hapa. Kwenye karatasi hakuna anayeniangalia usoni.

Duka la Mzee Kanji lilikuwa chumba kirefu mjini Moshi, si mbali na soko, lenye dirisha kubwa upande wa kaskazini. Alilichagua kwa dirisha hilo. Mwanga wa kaskazini, alisema, hauhamihami, na fundi saa anahitaji mwanga usiobadilisha mawazo. Chini ya dirisha palikuwa na meza mbili. Yake ilikuwa ya kulia. Mimi nilianzia sakafuni, kwenye sinia, nikapanda taratibu mpaka meza ya kushoto.

Alinifundisha kwa maneno machache na makofi machache zaidi. Saa husafishwa kwa petroli na hukaushwa kwa upepo wa kipira, si kwa mdomo, maana mdomo una mate na mate ni baba wa kutu. Tone la mafuta liwe dogo kuliko unavyofikiri, halafu lipunguze. Ukiangusha kitu, usisogeze mguu. Kaa hapo hapo, tafuta kwa macho kwanza. Usishike kibano ukiwa na hasira na mtu. Hilo la mwisho nililiona la kizee.

Kitu kimoja tu nilimzidi hata yeye. Katikati ya saa ya kujaza kwa mkono kuna springi nyembamba mno, imejizungusha kama gamba la konokono, inajikunja na kujikunjua. Sisi tuliiita unywele. Ukipinda kidogo, saa inakimbia au inachelewa, na kuunyoosha ni kazi ya vibano viwili na pumzi iliyoshikwa. Mkono wangu uliumbiwa unywele. Sijui kwa nini. Baba yangu alikuwa mchinjaji. Mafundi wa Arusha walikuwa wakituletea saa zilizowashinda, na Mzee Kanji alikuwa akizisukuma kwangu bila kusema neno, nami nilikuwa nikizipokea kana kwamba sikuona kitu.

Gaspari alikuja nikiwa na miaka kumi kazini. Ni mtu wa Kibosho, mtoto wa parokia, na kabla ya hapo alikuwa akitengeneza baiskeli, cherehani na mashine za kumenyea kahawa. Mzee Kanji alimwona akirekebisha cherehani barazani kwa fundi nguo, akasimama nusu saa nzima akimtazama, akarudi naye dukani. Alikuwa na vidole vinene kama ndizi mshare. Macho ya Mzee Kanji wakati huo yalikuwa yameanza kufunga ukungu, kwa hiyo yeye alihamia mbele kupokea wateja, mimi nikapewa meza ya kulia, Gaspari ya kushoto.

Nilimfundisha kila kitu. Nilimpenda sana miaka ile. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba nilimpenda kwa sababu alikuwa nyuma yangu.

Zikaja saa za betri, halafu zikaja simu, na watu wakaacha kuvaa saa. Tulibaki na wazee, mapadre, wachungaji, maharusi, na mara chache watalii. Na alikuwa mtalii mmoja aliyeshuka mlimani na mwongozaji wake, akaweka mbele ya Mzee Kanji saa iliyokuwa imesimama huko juu. Jina la walioitengeneza silitaji. Lilikuwa dogo tu usoni, kama la mtu asiye na haja ya kujitambulisha. Kasha lake lilikuwa la chuma kitupu, lenye kona nane, na skrubu zake hazikufichwa nyuma kama kawaida, zilikaa mbele zikitazamana na mwenye saa. Uso wake ulikuwa wa buluu iliyoiva, umejaa miraba midogo midogo. Ilikuwa nyembamba kiasi kwamba nilifikiri wamesahau kuweka kitu ndani.

Nilikuwa nayo siku tatu. Vumbi lilikuwa limeingia kupitia kwenye kitufe cha kujazia. Niliifungua, nikaisafisha, nikaifunga, ikatembea. Yule mtalii alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilitembea kifua mbele wiki nzima, maana sikujua fundi mwingine mkoani aliyewahi kufungua saa ya namna ile.

Saa ikiwa bado mezani kwangu, Gaspari aliiomba aitazame mara moja tu, tulipokuwa tunakunywa chai ya saa nne. Aliiweka kwenye kiganja, akaigeuza, akaipima kwa rula ndogo, akachora kitu nyuma ya karatasi ya risiti. Chai yake ilipoa. Kisha akanirudishia.

"Kaka Eli," alisema, "hii imetengenezwa na mtu."

"Ulifikiri imeota mtini?"

"Namaanisha, ni mtu. Alikuwa na tupa na chuma, kama sisi."

Nilicheka. Nilimwambia anywe chai.

Alifanya kazi ile karibu miaka miwili. Chuma alikipata kwenye shafti ya pampu iliyotupwa na kiwanda cha kuoshea kahawa huko kwao, chuma kisichoshika kutu, kigumu kama ushuru. Alikata kipande kwa msumeno wa mkono, akakikereza tundu katikati, kisha kona nane akazitoa kwa tupa, moja baada ya nyingine, nyumbani kwake baada ya kulisha ng'ombe. Kasha la kwanza kona moja ilizidi, akalitupa. La pili lilikuwa zuri kuliko vitu vyote tulivyokuwa tukiuza, akalitupa pia. Mashine ya ndani aliitoa kwenye droo yetu ya saa zilizokufa. Ilikuwa ya kujaza, ya zamani, nyembamba. Mishale aliikata kwenye wembe wa msumeno, akaichoma juu ya bati lenye chenga za shaba mpaka ikageuka buluu. Uso wa saa aliuchonga miraba midogo kwa patasi aliyoifua kutoka kwenye sindano ya cherehani, mstari kwa mstari, ukawa kama wavu wa kuanikia kahawa. Mkanda ulikuwa ngozi ya ndama wake mwenyewe.

Kila alipoleta kipande kipya nilikitafutia kosa, na mwanzoni nilikuwa nikilipata. "Skrubu hii imeinama." Anaitoa, anatengeneza nyingine. "Kona hii ina mkwaruzo." Anarudi na msasa. Makosa yakawa yanapungua, na nikajikuta nayatamani kama mtu anavyotamani sigara. Siku alipokuja na saa nzima mkononi, niliitazama kwa lenzi kwa muda mrefu, juu, chini, pembeni. Sikupata kitu.

"Unasemaje?" akauliza.

"Mkanda ni mrefu," nilisema.

Habari zilitoka. Watu walianza kuingia dukani bila saa ya kutengeneza, wanataka kuona tu. Mzee Kanji, ambaye sasa alikuwa akiona vivuli tu, aliishika, akaipapasa kona zote nane kwa kidole gumba, akasema jambo kwa Kigujarati ambalo hakututafsiria. Miaka yangu yote pale sijawahi kumsikia akikosa Kiswahili cha kuisifia kazi yangu. Kilimtosha.

Mfanyabiashara mmoja alikuja kutoka Tarakea. Alisimama mbele ya meza yangu, akanitazama, akatazama kushoto.

"Yuko wapi yule fundi anayetengeneza saa?"

"Sote hapa tunatengeneza saa," nilimjibu.

"Hapana, mzee. Yule anayetengeneza."

Kiswahili chetu kimetupa neno moja kwa anayeunda na anayerekebisha, na nilikuwa nimejificha ndani yake kwa miaka mingi bila kujua kama nimejificha. Mtu wa Tarakea alinitoa humo kwa kubadilisha sauti tu. Nilinyoosha kidole upande wa kushoto.

Nyumbani mke wangu, Mama Upendo, ambaye ni Mlutheri wa kutosema maneno mengi, alirudi kutoka kwenye harusi moja akaniambia amekutana na Gaspari na ile saa. "Ni kitu kizuri," alisema. "Na wewe si ungetengeneza ya kwako?" Hakuwa na ubaya wowote. Nilitoka nikaenda kukata majani ya ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wameshakula.

Nilijaribu kweli. Hili sijawahi kumwambia mtu. Nilinunua kipande cha chuma, nikakibana, nikashika tupa. Nilikaa mbele yake Jumamosi nzima. Mkono uliokuwa ukinyoosha unywele haukujua pa kuanzia pale ambapo hapakuwa na kitu kilichoharibika. Jioni nilikifungia kamba, nikakifanya uzito wa lango la kuku.

Basi yakatangazwa maonyesho ya mafundi mkoani, na Gaspari akaombwa aipeleke saa yake. Siku mbili kabla, aliivua mkononi akaileta kwangu.

"Kaka, inachelewa kidogo. Nadhani ni unywele. Mimi vidole vyangu unavijua. Nitazamie mwili mzima, uniambie kama iko sawa."

Alisema mwili mzima. Naliandika hili wazi kwa sababu baadaye nilijaribu kujishawishi kwamba aliniomba nitazame unywele peke yake.

Niliifungua. Unywele ulikuwa umepinda kidogo, nikaunyoosha. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Kisha nikatoa gurudumu linalocheza nao, nikaweka lenzi jichoni, nikatazama mhimili wake. Mhimili huo una ncha mbili, nyembamba kuliko sindano, zinazozunguka ndani ya vijiwe vigumu, na ndizo zinazobeba saa nzima. Ncha ya chini ilikuwa na ufa. Ulikuwa mwembamba, wa zamani, umeshaanza kubadilika rangi. Pengine ulikuwepo tangu saa ile ikiwa kwenye droo. Mtu mwingine asingeuona. Mimi niliuona kama ninavyoiona karatasi hii.

Nilipaswa kumwita. Alikuwa hatua moja kutoka kwangu, amenipa mgongo, anapiga mluzi wimbo wa kanisani. Mhimili mpya ningeukereza kwa siku moja. Nilirudisha kila kitu mahali pake, nikafunga kasha, nikakaza skrubu zake nane.

"Iko sawa," nilisema.

"Asante, kaka. Nikija kwako sina wasiwasi."

Maonyesho yalikuwa uwanjani, jua kali, maturubai, muziki mkubwa. Gaspari alivaa koti la harusi yake. Siku ya kwanza saa ilitembea na mimi sikulala vizuri. Siku ya pili mgeni rasmi, mama mmoja mkubwa wa mkoa, alifika kwenye meza yake, akaitazama sana, akauliza maswali ya maana, akaomba kuisikiliza. Aliiweka sikioni. Watu wakanyamaza. Aliitoa, akaitazama, akaiweka sikioni tena.

"Ni nzuri," akasema taratibu, "hata kama haitembei."

Watu wakacheka, si kwa ukali, kicheko cha mchana tu. Gaspari alicheka nao. Aliichukua, akaijaza, akaitikisa. Jasho lilimshuka kwenye kola. Nilikuwa nimesimama hatua tano nyuma ya mgeni rasmi, na sitawadanganya: nilisikia raha, baridi na tamu, kama mbege, pombe yetu ya ndizi, ile ya kwanza baada ya kulima. Ilidumu kiasi cha mtu kumaliza kata moja. Kisha nikaona kwamba mgeni rasmi hajaondoka. Bado ameishika. Anamwita mtu wa picha. Hata ikiwa imekufa waliipenda, na mimi mwenye saa zote zinazotembea hakuna aliyeniuliza jina.

Jumatatu Gaspari aliifungua mezani kwake. Nilikuwa nafanya kazi yangu kwa bidii isiyo ya kawaida. Baada ya muda akaniita, akanipa lenzi yake.

"Ncha imekatika. Lakini tazama, kaka. Nusu ya mkato inang'aa, nusu ni nyeusi. Ufa huu ni wa zamani. Ulikuwepo ulipoitazama."

"Inawezekana."

"Hukuuona?"

"Sikuuona."

Alinitazama. Nilingoja hasira, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Badala yake niliona uso wake ukilegea, polepole, mpaka ukawa uso wa mtu anayemtembelea mgonjwa.

"Wewe hukuuona ufa kama huu?" alisema kwa sauti ndogo. "Kaka Eli. Ni macho?"

Ningeweza kusema hapana. Nikasema, "Labda."

Kutokana na neno hilo niliishi miezi mitatu ambayo siwatakii. Gaspari alimweleza Mzee Kanji, kwa siri na kwa huruma, na Mzee Kanji, aliyejua ni nini macho kumwacha fundi, alinishika bega akaniambia nisiogope. Kesho yake aliagiza taa yake mwenyewe, ile ya zamani yenye shingo ndefu, iletwe mezani kwangu. Saa za unywele zikaanza kusukumwa kushoto. Mimi nilipewa betri na mikanda. Gaspari alikuwa akiokota skrubu zangu nikiziangusha, na nilianza kuziangusha kweli, kwa sababu nilijua anatazama. Mama Upendo alianza kunipikia karoti. Karoti kwenye mtori, karoti kwenye wali, karoti mbichi kwenye sahani ya chai.

Nilikuwa na njia moja ya kutoka, nayo ilikuwa kusema kweli. Nilipendelea karoti.

Mwishowe ni Gaspari aliyenipangia kwenda kwa daktari wa macho. Aliomba ruhusa ya siku nzima, akanifuata asubuhi, tukakaa pamoja kwenye benchi la kliniki na karatasi yangu ya namba. Alikuwa amebeba chupa ya chai na maembe mawili. Nilipoitwa alisimama, akaingia pamoja nami, kama ndugu wa mgonjwa.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alinisomesha herufi, akaniwekea matone, akanimulika, akaniuliza kazi yangu. Gaspari ndiye aliyejibu: "Ni fundi saa, daktari. Ndiye bora kuliko sisi wote. Ameanza kukosa vitu vidogo."

Daktari akanimulika tena, muda mrefu zaidi. Kisha akazima kitochi chake.

"Mzee, shikamoo tena," alisema akitabasamu. "Macho yako hayana ugonjwa wowote. Kwa miwani hiyo na lenzi yako unaona karibu vizuri kuliko mimi. Sijui nani amekutisha."

Nilimshukuru. Gaspari alimshukuru pia. Tulitoka, tukapita watu waliokaa kwenye foleni, tukapita geti, tukaenda hadi kwenye kivuli cha ukuta wa nje, na huko akasimama.

"Basi uliuona," alisema.

"Niliuona."

"Ukaniambia iko sawa."

"Ndiyo."

Alikuwa bado ameshika ile chupa ya chai. Aliangalia barabarani, akaangalia mikono yangu, si uso wangu, mikono.

"Nilikuwa nasali kwa ajili ya macho yako," alisema. "Kila jioni, na mke wangu na watoto." Kisha: "Nafuu ungekuwa kipofu."

Alinipa chupa, akaondoka kwa miguu kuelekea mjini. Maembe alienda nayo.

Wiki ile hatukuzungumza. Mzee Kanji niliungama kwake siku iliyofuata. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaomba taa yake irudishwe nyumbani kwake. Mama Upendo nilimwambia jikoni. Aliweka kisu chini, akauliza, "Mwenzako alikukosea nini?" Hakunikosea kitu. Alitengeneza saa.

Jumapili nilikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba letu la ukoo, kama baba zetu walivyofanya kuomba radhi mtu alipomkosea mwenzake, nikapanda Kibosho. Njia ilikuwa tope na nilifika nimechafuka mpaka magotini. Mke wa Gaspari, Kandida, alinikuta uani. Aliliona jani mkononi mwangu, akaingia ndani bila kunisalimia. Gaspari akatoka. Nilimnyooshea.

Mtu akikuletea isale hulikatai. Alilipokea kwa mikono miwili, akaniambia niketi, Kandida akaleta mbege, tukanywa kwenye kata moja. Nilimwambia kila kitu, mpaka kile chuma cha lango la kuku. Alicheka kidogo kwa lango la kuku. Nikaona nafasi, nikasema, "Nipe saa. Nitaukereza mhimili mpya kesho."

"Nimekusamehe, kaka," alisema. "Lakini mhimili nitaukereza mwenyewe."

Hakuwahi kukereza mhimili maishani mwake. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Alijifunza. Alivunja kumi na tatu, nilikuwa naihesabu kwa sauti ya kila mmoja ulipokatika pale kushoto kwangu, na kila ulipokatika nilishika meza nisiinuke kumsaidia, maana hakuomba. Wa kumi na nne ulikaa. Saa ikaanza kutembea, na inatembea mpaka leo. Kwa namna hiyo alikipata hata kitu cha mwisho nilichokuwa nimemzidi, na aliyemsukuma akipate ni mimi.

Tuliendelea kukaa pale, tukala chakula pamoja, tukazikana ndugu. Tulimzika Mzee Kanji pamoja. Binti yake akalichukua duka, naye ndiye aliyemleta Neema kutoka chuo cha ufundi, tukaongeza meza ya tatu. Neema nilimfundisha mimi, mchele na skrubu na yote. Gaspari hajawahi kunitupia neno la kale hata tukigombana. Isale humfunga mtu kusamehe. Halimfungi kuamini.

Sasa, Neema, swali lako. Mwaka jana Gaspari alimaliza saa ya pili, ndogo, ya binti yake anayeolewa. Unakumbuka asubuhi ile. Aliinuka kwenye meza yake akiwa ameifungua kwenye kiganja. Ili kufika kwako ilibidi apite kwangu. Nilimwona anakuja, nikavua miwani ya kawaida, nikaweka lenzi, nikafuta kibano kwenye aproni. Mkono ulikuwa umeshanyooka juu ya meza kabla sijaujua.

Alipita.

"Neema, mwanangu, nitazamie hii. Mwili mzima."

Uliitazama. Nilikusikia unashika pumzi nilivyokufundisha. Ulikuwa bado mgeni katika kazi, yeye alikuwa mtu ambaye watu wanatoka mbali kumwona, na ningesema wewe pia ulikuwa na sababu zako za kumwonea gere. Ukainua kichwa.

"Baba Gaspari, jiwe la chini lina ufa," ulisema. "Samahani. Ni mdogo, lakini upo."

Ulisema kama mtu anayesema mvua inakuja, anua kahawa. Naye alisema, "Asante, mama," akaichukua, akarudi kukaa, akaanza kulitoa lile jiwe. Haikuchukua hata dakika tano. Hakuna aliyenitazama. Niliurudisha mkono wangu taratibu upande wangu wa meza, nikachukua saa ya mchungaji iliyokuwa inangoja betri, nikaifungua.